Mkono wa Wino

Lilifika limechelewa miezi miwili,
jarida la tamthilia ya nyota,
duka la Kuriakose, Ruwi, nyuma ya stendi ya teksi,
baisa mia sita. Na katikati, chini ya pini mbili,
picha ya kukunjua, ya kutundika ukutani,
namba moja mpaka ishirini na nne.
Harith alitaka zenye vyombo vya anga.
Mimi nilimtaka yeye,
Luteni wa ngozi ya samawati
aliyegeuza chombo kizima kwa kidole kimoja
na hakuwa na mume katika sayari yoyote.

Kwao, lilikopigwa chapa, alivaa kitambaa
kisichotosha kufutia meza.
Kwetu alifika kavaa.

Maana alipita kwanza mezani kwa baba.
Muhenna bin Sleyum, fundi kanzu wa Mkunazini,
aliyerudi (ndivyo walivyosema, karudi)
katika nchi ambayo hajapata kuiona,
na Kiingereza chake cha shule
kikampatia kiti, feni
na boksi la kalamu nyeusi, nene.
Kazi: kuziba.
Goti, ziba. Bega, ziba. Kitovu, usiulize.

Wenzake walipaka kama watu wa lami.
Yeye hakuweza.
Mkono uliokata kanzu miaka ishirini
haupiti begani pa mtu
bila kujiuliza mshono utakaa wapi.
Namba tatu, Luteni akapata mikono mirefu, imebana kiwikoni.
Namba saba, kola ya kusimama na upapi wa vifungo tisa.
Namba kumi na moja, Mola amsamehe,
gauni mpaka kwenye kifundo cha mguu,
na pindoni, korosho za kanga, moja moja,
chini yake bunduki ya miale.

Mkuu wake akamwita:
"Muhenna, tulikwambia umfiche.
Nani kakwambia umvishe?"

Hayo aliyasimulia mama, miaka baadaye, akicheka peke yake.
Baba mwenyewe hakusema kitu.
Mimi nilijua siku ya Idd,
nilipovaa gauni langu jipya mbele ya kioo
na nyuma yangu, ukutani, kwa utepe wa gundi,
Luteni amevaa kola ileile.
Nikageuka. Baba anakunywa kahawa.
Akaitazama kola, ya kwangu, ya mwenzangu,
akasema: "Limekubana kwapani?"
Nikasema hapana.
Lilinibana.

Juzi kaja kijana kutoka Sharja, mkusanyaji,
na glavu nyeupe kama wa hospitali.
Zikiwa safi, anasema, seti nzima, riyali mia tatu.
Nikamfungulia bati la halua.
Akachungulia, akavua glavu.
"Khala, hizi zimeharibika."

Nikamtilia kahawa hata hivyo. Mgeni ni mgeni.
Alipokwenda nikaitoa ya ishirini na nne,
ile ya mwisho, ya mwaka aliohamishwa kwenye ghala la karatasi.
Mkono mmoja umekwisha, umekunjwa pindo, umepigwa bandi.
Wa pili uko wazi, samawati, mpaka begani.
Sijui kama aliitwa hapohapo,
au wino ulikauka,
au aliutazama tu akaona
huu uacheni upate hewa.

Harith anasema nimpigie yule kijana, tukubali nusu bei.
Bati bado lina harufu ya hiliki.
Naigeuza picha. Nyuma kuna tangazo la sabuni,
na katikati ya povu, mahali alipokandamiza kalamu,
bandi zake zimetokeza.
Nafumba macho, nahesabu kwa kidole:
ishirini na mbili, ishirini na tatu,
hapa karuka moja.