Tawi la Mvinje

Baba alikuwa mpishi wa meli ya kukokota nyavu.
Kila Desemba, kabla ya kung'oa nanga Malindi,
alikata tawi la mvinje nyuma ya kiwanda cha barafu
akalilaza kwenye ubaridi, kati ya nguru na kamba,
lisinyauke.
Mkesha wa Krismasi, aliye mdogo kuliko wote melini
alipanda nalo mlingotini, akalifunga juu kabisa.
Ndivyo alivyofunzwa na Kaitano, serahangi Mgoa:
"Meli isiyo na jani siku hiyo
imesahau nchi kavu."
Tawi lilinuka samaki. Waliliimbia hivyo hivyo,
wali wa nazi ukiungua jikoni.

Mwaka huu mkono wake wa kulia umelala.
Kitanda tumekisogeza dirishani, hapa Maweni,
na tarehe ishirini na nne, baada ya uji,
akanyoosha kidole cha kushoto:
"Nyevu. Mlingoti ule."
Ni bomba la antena tu, limekula kutu.
Nina miaka arobaini na mmoja
na ndimi mdogo kuliko wote melini.

Nikapanda mabatini, leso kiunoni.
Nikafunga.
Ng'ambo ya ua Mzee Famau, anatoka msikitini,
akasimama, kofia mkononi:
"Fundo hilo la mbuzi, mwanangu!
Upepo wa alasiri utalichukua."
Krismasi si yake; fundo ni lake.
Akaleta ngazi, na kamba ya kumbi, na magoti yake mabovu,
akalifunga upya, taratibu,
akinitajia kila mzunguko kama anayeita watoto wake kula.

Basi televisheni ikawa chenga tupu,
nyeupe, zikimwagika usiku kucha,
na mama akanung'unikia taarifa ya habari.
Baba hakutazama kioo. Alitazama juu.
"Sasa," akasema, na neno likamtoka nusu,
"sasa wanajua tupo."

Sikukuu ya Mamajusi imepita, hatujalishusha.
Fundo la Famau halifunguki.
Tawi limekauka, rangi ya majani ya chai,
sindano zinateleza mabatini, mferejini, tangini.
Sisi tunachuja.
Baba anakunywa, anazitafuta kwa ulimi,
hatemi.