Kanda Yenye Jalada la Manjano

Fundi Mtaliano wa ghala la tumbaku
alipofunga virago aliacha sanduku:
soksi moja, chujio la kahawa,
na kanda yenye jalada la manjano, manjano ya bizari.
Mzee Feni akainunua kwa bei ya kilo mbili za chumvi,
akaandika ubaoni: LEO KISU. WATOTO MARUFUKU.
Watoto ndio waliotangulia kufika.

Kazi yangu mimi ilikuwa jenereta.
Nililinywesha petroli, nikasikiliza kikohozi chake,
na kwa tundu la bati nikatazama nyuso,
mwanga wa Ulaya ukicheza juu ya meno ya watu wa Oli.

Onzima mkalimani akashika kipaza sauti.
Kitaliano chake alikiokota kwa masista wa Ediofe:
"mkate", "funga mlango", na kipande cha sala ya wafu.
Hilo halikumzuia. Mtu wa glavu nyeusi
alipopanda ngazi zilizojiviringa kama konokono,
Onzima alitangaza, "Huyu anadai kodi ya miezi mitatu!"
Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.
Wembe ukashuka.

Damu ile! Nyekundu ya rangi ya kucha,
ikitambaa juu ya marumaru bila haraka,
na kinanda kikibembeleza
kama mtu anayelaza mtoto.
Rajabu wa buchani akaguna:
"Mkono huo haujawahi kuchinja hata bata."
Ocokoru, mshona nguo, hakusikia la mtu,
alikuwa akihesabu mapazia. "Tazameni ile buluu,
tazameni ule mkunjo. Aliyepiga picha hii
ana wazimu, ila jicho analo."
"Jicho la kuvizia," akadakia Driciru, nesi wa zamu ya usiku.
"Mbona wanaume humu wanakufa upesi, pembeni, na makoti yao,
na wanawake wanakufa polepole, katikati, wamelowa?"
Aliyejibu hakuwepo. Mtu alitafuna karanga.

Basi Onzima, ili kuchangamsha,
akaanza kuwapa marehemu majina ya kwetu.
Wa kwanza Letiru. Kicheko.
Wa pili Bileru, "mwenye deni dukani". Kicheko.
Wa tatu alikuwa jikoni akimenya chungwa,
ganda refu, halijakatika,
na glavu tayari i juu ya kitasa.
"Asianzu," akaita Onzima. "Asianzu, geuka!"

Alioni akainuka benchi la tatu.
Hakupiga kelele. Alisimama tu mbele ya projekta,
ametugeuzia mgongo,
na shati lake jeupe la Jumapili likawa pazia la picha:
kitasa kikazunguka begani mwake,
kisu kikapita mbavuni, kikarudi, kikapita,
chungwa likaanguka hadi kwenye mkanda wa suruali.

"Kaa chini, tumelipa!" wakafoka vijana wa nyuma.
Wale waliofikia umri wa kujua
Asianzu alikuwa nani, na mwaka gani,
na njia ipi ya kuelekea mpakani,
waliinamia miguu yao.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Damu ya filamu ni nyepesi, ilipita juu ya shati
na shati halikulowa.

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi.
Sikuizima.
Wengine walitoka na Alioni, Rajabu mmoja wao,
Driciru alibaki, sijui kwa nini, amekunja mikono,
na mimi nilibaki kwa sababu, niseme ukweli,
nilitaka kujua muuaji ni nani.

Dakika za mwisho akavua glavu.
Ulikuwa mkono tu. Kucha safi, pete ya ndoa.
Akasema maneno mengi, marefu, karibu ya upole,
na Onzima, kipaza sauti kikiwa kimelala mapajani,
hakututafsiria hata moja.