Tundu la Kifungo

Daktari alichora kufuli na ufunguo
nyuma ya risiti yangu ya malipo.
Nikamwambia hapana.
Mimi ni fundi wa sare, Kibuye, kibanda cha mlango wa samawati.
Nionyeshe kwa nguo.

Akawaza, kalamu mdomoni.
Basi, akasema, seli zako nyeupe zimevaa mashati,
na mashati yana matundu; sisi tunayaita vipokezi.
Kuna kifungo kinachozunguka damuni.
Kikiingia tunduni, seli hukasirika,
na hasira yake huimalizia vidoleni mwako.

Vidole vyangu.
Miezi minane vimefura kama mihogo iliyolowekwa,
mkasi naushika kama nimeushika kwa makali.
Majirani wakanong'ona: huo ni mkono wa mtu.
Ni mkono wa mtu, kweli.
Wangu.

Dawa ilikuja kutoka Nairobi kwa basi la usiku
ndani ya kasha la barafu,
sawa na lile tunalowapelekea mbuta.
Chupa ndogo kuliko ya manukato.
Nilikuwa na cherehani mbili.

Kageha, nesi wa zamu, akatafuta mshipa,
akaukosa, akaomba radhi kwa Kimaragoli, akaupata.
Tone. Halafu tone.
"Ni kingamwili," akasema, "ila si zako.
Zote zimetokana na seli moja, nakala kwa nakala..."
Nikaelewa kabla hajamaliza:
karatasi moja ya mkato, sare elfu,
hata kola moja isitofautiane na mwenzake.
Umbo lake ni panda ya manati,
pembe mbili zinazopapasa
tundu moja tu kati ya yote, lile,
zikalipata, zikalikalia.
Haifungi shati. Haifungui. Imekaa tu.
Kifungo cha hasira kikija
kinakuta pana mtu.

"Lakini, mama,"
(nilijua ipo lakini, hakuna kitambaa kisicho na upande wa ndani)
"tundu hilo hilo ndilo linaloziamsha seli
akija mdudu wa kweli."
Kumbe ndiyo maana walinipiga picha ya kifua kwanza.
Ndiyo maana Okinda, mjukuu wangu, akikohoa
hunionyesha daftari lake akiwa mlangoni,
analiinua juu kwa mikono miwili,
nami nasoma alama kwa mbali, nasifu kwa sauti.
Ndiyo maana chandarua nakishusha jua likiwa bado juu.

Wiki ya tatu, Jumanne, mvua ikipiga bati kutoka upande wa ziwa,
nilitia uzi sindanoni bila kumwita mtoto.
Sare ya msichana wa Manyatta, darasa la nne.
Tundu la tatu kutoka kola.
Nikalizungushia uzi, pole, pole,
nikalivuta karibu na taa.
Lilikuwa limepinda.
Sikulifumua.

Tarehe kumi na tisa, chupa nyingine.
Cherehani imebaki moja.