A Zimekwisha

Ruwi, sabini na sita.
Ghanima anakwaruza herufi kubwa za kubandika,
moja moja, kutoka plastiki hadi karatasi:
kadi ya harusi, kwa Kiswahili,
maana Kiarabu cha bibi harusi
bado kina harufu ya Vuga.

A zimekwisha kwenye KARAMU.
Waliozipanga huko London hawakujua
kuna lugha inayokula A kama tende.
E zimejaa tele, hazina pa kwenda.

Anapindua V.
Anakata I kwa wembe, anailaza katikati.
Imekaa upande kidogo.

Mkuu wa mtambo anaguna:
"Hii si ya ukoo huu."

"Najua," anasema, akipuliza vumbi.
"Hata sisi tulibandikwa hapa hivyohivyo.
Mbona tunasomeka?"