Mia Tano na Hamsini

Ghala, saa tisa usiku, mwezi wa saba.
Nje lami bado inatema joto la mchana;
ndani ya chumba cha seva nimevaa koti la sufu
nasoma majina ya watu wasiokuwepo.

Khamis1. Khamis2. Khamis77.
Hisabat, hisabaat, mudir, mudiir.
Anayebisha hodi hamjui mtu humu,
anabahatisha tu, kama mtoto
anayebonyeza kengele zote za ghorofa akakimbia.
Elfu kumi na nne tangu magharibi.

Zamani lango letu lilikuwa na adabu mbaya.
Lilipokea kila kitu, karibu, karibu,
kisha likigundua mwenyewe hayupo
huifunga barua upya na kuirudisha
kwa aliyeandikwa nyuma ya bahasha.
Na aliyeandikwa nyuma ya bahasha
jina lake limeibiwa.
Mwalimu mmoja wa Salala alipiga simu, sauti inamtetemeka:
barua mia tisa kwa siku moja, zote zikimwambia
hayupo, hayupo, hayupo,
naye hajamwandikia mtu tangu Idi.

Nikabadilisha. Siku tatu, na ugomvi na Bwana Muhsin
wa ghorofa ya pili, aliyetaka tupokee zote
"isije ikapotea zabuni."
Sasa orodha ya majina inakaa mlangoni.
Kama humo, unaambiwa hapo hapo kizingitini,
mia tano na hamsini, mguu haujavuka.
Mtu hakaribishwi akavua viatu
ndipo akafukuzwa.
Nililala vizuri wiki ile.

Leo, katikati ya Khamis na Khamis,
mstari mmoja haubahatishi:

shinuna

Jumamosi. Halafu Jumatatu. Halafu jana,
saa ile ile, baada ya alfajiri, kutoka Ibra.

Humu kazini mimi ni Shamsa bint Saud,
kwenye kadi, kwenye mshahara,
kwenye orodha niliyoiandika mwenyewe.
Shinuna ni wa Kiswahili, wa upande wa jikoni,
wa shangazi Thuwaiba anayeandika kwa kidole kimoja
kwenye tableti ya mjukuu.

Na lango halisomi barua ya asiyekuwepo.
Limeniachia tarehe na saa,
hata uzito wake halikuupima.

Kulipokucha nikapiga simu.
"Ah, wewe! Nimejibiwa na mtu wenu, kwa Kizungu,
mkali, hata salamu hana.
Nikasema labda umehama."
Ulitaka kuniambia nini, shangazi?
Kijiko kikazunguka kikombeni, kikazunguka.
"Kulikuwa na jambo. Ile ya kwanza ilikuwa na jambo kubwa.
Nimeshasahau, mwanangu."

Nimeongeza mstari mmoja kwenye orodha
bila kumwambia Bwana Muhsin.
Nimejitumia barua tupu kuujaribu.
Imepita.