Ukingo wa Ganeti

Mezani kwangu Kalalani natenga mawe kwa tochi:
jekundu safi huku, la zambarau kule,
lenye ufa ndooni, la kumwaga njiani.
Zaituni Shekiondo akaipita meza, akainamia ndoo.
"Nipe hili, lenye ulanga ubavuni."
Hilo, dada, hata wauza kokoto hawalitaki.
Akalipa elfu mbili, akashuka nalo Tanga,
wakalichonga jembamba hadi likapitisha mwanga
kama ganda la kitunguu.

Miezi minne. Akarudi na karatasi ya mchoro:
kilima bapa juu, kimeporomoka kingoni.
"Hapa katikati," akagusa, "chuma na magnesi
vimekaa kama vilivyokaa siku ya joto kali.
Nyuzi mia nane. Kama makaa yako haya ukiyapulizia,
ila bila hewa, bila mwali,
na milima yote ya Usambara imelala juu yake."

Na hapa pembeni?

"Hapa liligusana na ulanga.
Joto likishuka, vikawa vinapeana:
ganeti ikitoa magnesi, ikipokea chuma,
chembe kwa chembe, hadi baridi ikafunga mlango.
Lingepoa haraka, ukingo ungekuwa uzi.
Huu mpana. Limepoa taratibu,
mamilioni ya miaka."

Nilimimina chai, nikaimwaga nje ya kikombe.

Mimi na Mbelwa tumetoka tumbo moja.
Shimo tulichimba wote; jiwe akauza peke yake.
Watu husema, naona umeshapoa.
Hawajui moto wa makumbi.
Kweli, tunapeana: yeye chumvi, mimi betri,
salamu za Idi, koleo, pole ya msiba.
Huko ni ukingoni.
Katikati ni Jumanne ile ile, saa nne asubuhi,
na kifuko kitupu mkononi mwangu.

Haya sikumwambia Zaituni.
Nilimwomba tu kipande kilichobaki.

Nimekilaza juu ya daftari la madeni, upepo usilipeperushe.
Mnunuzi akiuliza bei, nasema kina mwenyewe.
Jana Mbelwa alikuja kuazima chekecheke, akakiona.
"Takataka hii umeihifadhia nini?"
Sikuwa na jibu fupi.
Nikampa akishike.
Akakigeuza juani, akakikwaruza ulanga kwa ukucha,
vumbi lake likamng'aria kidoleni,
akaondoka bila kujifuta,
na chekecheke akalisahau.