Tundu la Dawa ya Mbu

Jumamosi, maabara ya shule moja ya Tudor,
walimu kumi na tisa wa fizikia
na feni iliyozimwa makusudi
kwa kuwa upepo wake hutikisa vioo.
Jasho lilifika hadi kwenye vitambulisho vya shingoni.
Changu kilikosewa: Mwachofi akaandikwa Machofi.
Nikaacha hivyo hivyo.

Mwezeshaji wetu, Bi Mwanasiti, si wa maneno mengi.
Alidondosha tone la maziwa kwenye beseni la maji,
akawasha tochi ya leza,
na mstari mwekundu ukashuka,
ukajikunja kiuno pale pale ulipogusa maji.

Miaka kumi na saba nimeuchora mstari huo.
Kwa rula. Kwa chaki ya rangi,
mwaka ule shule ilipokuwa na chaki ya rangi.
Nimewakata watoto alama kwa kusahau mshale.
Sikuwahi kuuona.

Mghoi, aliyetoka Voi na basi la alfajiri,
alicheka, akanyamaza,
kisha akaomba kuugusa.
Ukamtia nukta kidoleni.
"Hauchomi," alisema, kama mtu anayetushtaki.

Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga.
Sisi tuliambiwa siku mbili mfululizo.
Tazama chupa iliyotobolewa ubavuni:
maji yanachuruzika yakipinda, na mwanga umo ndani,
unapinda nayo, hautoki,
kama mtoto aliyeshikwa mkono Kongowea.
Tazama sidii kuukuu ya harusi ya watu,
imechubuka, haichezi tena,
inavyomwaga ukutani rangi ambazo bibi harusi hakuvaa.

Hapo Tsuma akasimama.
Mbele ya lango lake, alisema, wamechimba mtaro mara tatu,
wakalaza nyaya, wakafukia, wakaondoka na matope yao.
"Hakuna aliyeniambia
kwamba kinachozikwa ni mwanga."

Saa nane stima zikapotea.
Projekta ikafa katikati ya neno.
Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi ya bweni,
yale ya kijivu yanayowasha,
tukabaki gizani na soda za uvuguvugu,
mtu akiuliza habari ya nauli.

Ndipo ukuta ukaanza kutembea.

Mwarobaini wa nje ulining'inia, shina juu, majani chini.
Tuktuk ikapita darini, magurudumu mbinguni.
Mama wa viazi karai alisimama kwa kichwa
akikoroga mafuta yake,
na hata tone halikumwagika.

Tulitafuta chanzo kwa kupapasa.
Blanketi la tatu lilikuwa na tundu,
dogo kama punje ya choroko,
lililochomwa na dawa ya mbu
usiku wa mwanafunzi fulani tusiyemjua.
Bi Mwanasiti alilitazama kwa muda.
"Hili," alisema, "halimo kwenye ratiba."

Nami nikamkumbuka Nzai,
Kidato cha Pili, dawati la nyuma, shati lisilo na kifungo,
aliyeniuliza picha hupinduka kwa sababu gani.
Nilimjibu: "Kwa sababu huulizwa kwenye mtihani."
Aliandika jibu hilo kwa wino.
Akalipigia mstari. Kwa rula.

Jioni wenzangu walipanga foleni ya vyeti.
Mimi nilikwenda kwa matroni wa bweni
kumwuliza bei ya blanketi bovu.
Alinipima kwa macho, juu mpaka chini.
"Ninalo zima, mwalimu."
Nikamwambia zima halitanifaa.

Limekaa sasa juu ya kabati, lina harufu ya nondo na wavulana.
Kesho kutwa, Mtongwe, kipindi cha saa nne,
jua likiwa upande wa barabara,
nitalipigilia dirishani.
Sitachora. Sitasema kitu.
Nitakaa gizani kama mmoja wao
mpaka mmoja wao apige kelele.